Anza na Paa: Mwongozo Kamili wa Kuondoa Theluji na Barafu Kwenye Gari Kabla ya Kuingia Barabarani

Kila msimu wa baridi simu zinazonijia ni zile zile. Mtu ametoka kazini asubuhi, amesimamishwa na askari, ameandikiwa faini, na haelewi kosa lake kwa sababu kioo cha mbele kilikuwa safi. "Kaka, mimi nilipangusa kioo chote," aliniambia dada mmoja tunayefanya naye zamu ya usiku. Nikamwuliza kuhusu paa la gari. Akanyamaza kidogo. "Paa nalo?"

Ndiyo, paa nalo. Na boneti, na buti, na taa, na namba pleti.

Naishi Lowell, Massachusetts, hapa Marekani, na kazi yangu iko Nashua, ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la New Hampshire. Wengi wetu tunaofanya kazi za kuhudumia wazee na wagonjwa tuko hivyo: gari linalala nje usiku kucha, unatoka saa moja asubuhi umechoka, unalikuta limefukiwa. Unachotaka ni kitanda. Unakwangua tundu la kuchungulia kwenye kioo, unaondoka. Hapo ndipo tunapokosea.

Nimeandika mwongozo huu kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Mpangilio ni nusu ya kazi. Ukianza na vioo halafu ukaja kwenye paa, theluji ya paa inaporomokea vioo ulivyokwisha kusafisha, unarudia upya, unakata tamaa, na mwishowe paa linabaki vile vile.

## Kwa nini paa ndilo hatari kubwa

Ukiwasha hita, joto la ndani linapanda na kupasha bati la paa. Tabaka la chini la theluji linayeyuka, na lile la juu linabaki gumu. Sasa una bamba zima lililokaa juu ya maji. Likipata sababu ndogo, linateleza.

Ukifunga breki ghafla, linakuja mbele na kufunika kioo chako chote. Ukiwa kwenye barabara kuu kwa maili 65 kwa saa, yaani kama kilomita 105, upepo unaingia chini yake na kulinyanyua, nalo linamwangukia aliye nyuma yako.

Chukua bamba la barafu la mita moja kwa mita moja, unene wa sentimita 2 tu. Uzito wake ni kilo 18 hivi, karibu sawa na ndoo ya lita ishirini iliyojaa maji. Fikiria ndoo hiyo ikirushwa kwenye kioo cha gari lenye watoto ndani.

## Vifaa

Nunua kabla msimu haujaanza. Siku ya theluji rafu za duka huwa tupu.

- Brashi ya theluji yenye mpini mrefu, ikiwezekana unaorefuka, ili ufike katikati ya paa. Kwa gari refu tafuta ile yenye kichwa cha sponji ngumu. Inasukuma theluji bila kukwaruza rangi.
- Kikwanguo cha plastiki kwa ajili ya vioo. Cha chuma kitachana kioo.
- Chepe dogo la kuondoa theluji kwenye magurudumu na ekzosi.
- Maji ya waipa ya msimu wa baridi. Soma chupa: yawe yanastahimili angalau nyuzi 29 za Selsiasi chini ya sifuri. Yale ya kiangazi yataganda ndani ya mpira wake.
- Chupa ya kupulizia yenye sehemu mbili za alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, ile spiriti ya kupangusia ngozi kabla ya sindano, na sehemu moja ya maji. Haigandi upesi, na inalegeza barafu nyembamba.
- Glavu zisizopitisha maji, viatu vyenye soli ya kushika, na taulo kuukuu.
- Kigoda kifupi na imara kama una gari la juu.

Brashi na chepe usiviweke kwenye buti. Buti likiganda, vifaa vyako vimefungiwa ndani. Viweke sakafuni, nyuma ya kiti cha dereva, au uvipeleke ndani kazini kwako.

## Kabla theluji haijaanguka

Ukijua theluji inakuja, zima waipa kabla ya kuzima injini, hata zile zinazojiwasha zenyewe mvua ikinyesha. Zikiachwa zimewaka halafu zikaganda, asubuhi ukiwasha gari mota yake itahangaika kuzisukuma na inaweza kuungua.

Funika kioo cha mbele kwa kifuniko maalumu au turubai, ukibana pembe zake kwenye milango. Paka raba za milango mafuta ya silikoni ili zisigandane na mwili wa gari.

Kama kuna nafasi ya kuegesha upande unaopata jua la asubuhi, ichukue hata kama ni mbali kidogo na mlango. Jua la nusu saa linakupunguzia kazi nyingi.

## Hatua ya 1: Fukua ekzosi kwanza

Kabla ya kuwasha chochote, nenda nyuma ya gari. Ondoa theluji yote iliyozunguka bomba la ekzosi, na chini yake pia, mpaka uone tundu waziwazi.

Hatua hii usiiruke hata siku moja. Bomba likizibwa, moshi unarudi chini ya gari na kupenya ndani. Humo mna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua mtu akiwa amekaa anaota joto. Watoto ndio wanaoingizwa garini mapema "wasipigwe na baridi" huku mzazi akisafisha nje. Wabaki ndani ya nyumba mpaka umalize.

Wenye rimoti ya kuwashia gari kutoka ndani ya nyumba, hili linawahusu zaidi. Usiibonyeze kabla ya kwenda kuliona bomba.

Umefaulu ikiwa: tundu la ekzosi linaonekana na kuna nafasi wazi ya kutosha nyuma yake.

## Hatua ya 2: Fungua mlango, washa gari

Pangusa kwanza theluji iliyo juu ya mlango wa dereva. Ukifungua bila kufanya hivyo, yote itaangukia kiti, itayeyuka, na ule unyevu utarudi kama ukungu kwenye vioo.

Mlango ukikataa, usivute kwa nguvu. Utang'oa raba au kitasa. Usukume kwa ndani kwa bega, mara kadhaa, ili barafu ya ukingoni ipasuke. Tundu la ufunguo likiganda, paka ufunguo sanitaiza ya mikono yenye alkoholi, uuingize polepole, usubiri. Maji ya moto yataganda tena humo humo na kuharibu zaidi.

Washa injini. Elekeza hita kwenye kioo cha mbele, washa AC pamoja nayo, na zima kile kitufe kinachozungusha hewa ya ndani. Wengi hushangaa AC kuwashwa kwenye baridi kali. Sababu ni kwamba AC hukausha hewa, na hewa kavu ndiyo inayoondoa ukungu kwenye vioo. Washa pia joto la kioo cha nyuma na la vioo vya pembeni.

Massachusetts ina sheria inayokataza gari lililosimama kungurumishwa bila ulazima kwa zaidi ya dakika 5. Kwa hiyo washa pale unapoanza kazi ya kusafisha, na usiliache liwake peke yake huku umerudi ndani kunywa chai. Wezi wa magari wanajua sana asubuhi za baridi.

Umefaulu ikiwa: hewa inapuliza kwenye kioo, waipa zimezimwa, na wewe uko nje na brashi mkononi.

## Hatua ya 3: Paa

Simama upande usiopitiwa na magari. Sukuma theluji kutoka katikati kuelekea pembeni, au ivute kwako kisha uiangushe chini, nusu moja ya paa kwa wakati. Halafu zunguka umalizie nusu ya pili.

Theluji ikiwa nene, usijaribu kuitoa yote kwa mpigo mmoja. Kata tabaka la juu, liangushe, kisha rudi kwa lililobaki. Ile nzito yenye maji maji ni mizigo halisi, na mgongo uliotoka kuinua wagonjwa usiku kucha hauhitaji mzigo mwingine.

Acha utando mwembamba tu, halafu upanguse kwa nywele laini za brashi. Usitumie kikwanguo wala chepe kwenye rangi. Mikwaruzo yake haitoki, na kutu huanzia hapo.

Usisukumie theluji barabarani wala kwenye maegesho ya jirani. Miji mingi inakataza kumwaga theluji njiani, na jirani naye ameamka mapema kama wewe.

Mama mmoja mfupi aliniambia hafiki katikati ya gari lake la familia, kwa hiyo huacha kile kisiwa cha juu. Sheria haiangalii urefu wa dereva. Tumia kigoda, au simama kwenye kizingiti cha mlango uliofunguliwa ukiwa umeshika gari vizuri, au omba mtu. Tunasaidiana kuhama nyumba na kuchangiana harusi. Dakika tatu za brashi hazitushindi.

Umefaulu ikiwa: unaiona rangi ya paa pande zote, bila kisiwa katikati.

### Kama paa limeshikwa na barafu

Hii hutokea mvua ikinyesha juu ya theluji kisha baridi ikakaza. Brashi inateleza juu yake kama juu ya kigae.

Usigonge kwa nyundo, chepe au ngumi. Utabonyeza bati au kupasua kioo cha paa. Weka hita kwenye joto la juu na uache ndani ya gari pashike moto vizuri. Barafu ikianza kuachana na bati, pulizia ile spiriti kwenye kingo, kisha sukuma kwa kichwa cha sponji kutoka ukingoni. Mara nyingi bamba zima hutoka kwa pamoja, kwa hiyo miguu yako isiwe chini yake.

Likikataa kabisa, usiingie barabara kuu nalo. Lisogeze juani au kwenye gereji yenye paa, subiri, au omba lifti. Kuchelewa kazini kunaelezeka.

## Hatua ya 4: Vioo vyote

Sasa ndipo tunafika kwenye vioo, na hita imekwisha kufanya nusu ya kazi.

Pangusa theluji laini kwanza. Kisha kwangua barafu kutoka juu kwenda chini, kwa mistari mifupi. Palipogoma, pulizia spiriti, hesabu mpaka thelathini, rudi tena.

Safisha kioo cha mbele, cha nyuma, na vya milango yote. Tundu la ukubwa wa sahani mbele ya uso wa dereva halitoshi kisheria popote ninapopajua, na halikuonyeshi mtoto anayevuka kutoka kulia. Vioo vya pembeni vikwangue kwa upole, maana ukisukuma kwa nguvu unaweza kung'oa uso wake.

Onyo: usimwagie kioo maji ya moto, wala ya vuguvugu. Kioo baridi kikipata joto ghafla, sehemu moja inatanuka na nyingine haijatanuka, nacho kinapasuka. Na maji yaliyotiririka chini yanageuka barafu pale pale unapokanyaga.

Waipa zilizoganda zisubiri joto lizilegeze. Zikitoka, zipanguse kwa taulo lenye spiriti. Chembe moja ya barafu kwenye raba huchora mstari mbele ya macho yako safari nzima. Toa pia theluji iliyojaa chini ya waipa, kwenye matundu yanayoingiza hewa ya hita. Yakiziba, hita inapuliza unyevu na vioo havikauki.

## Hatua ya 5: Boneti na buti

Boneti wengi huiacha wakidhani joto la injini litaiyeyusha. Kabla haijayeyuka, upepo unaipeperusha usoni mwako. Isukume pembeni, kulia na kushoto. Buti nayo, pamoja na ule ukingo wa juu ya taa.

## Hatua ya 6: Taa, namba na kamera

Pangusa kwa mkono taa za mbele, za breki, na indiketa zote. Magari mapya yana taa za LED, na hizo hazitoi joto la kutosha kuyeyusha theluji kama zile za zamani. Unaweza kuendesha nusu saa taa zikiwa zimefunikwa na usijue. Safari ikiwa ndefu, simama kwenye kituo cha mapumziko uzipanguse tena. Usisimame pembezoni mwa barabara kuu.

Namba pleti zisomeke. Kamera ya nyuma na vile vidude vya breki za kujifunga vilivyo mbele ya gari navyo visafishwe. Vikifunikwa hujizima, na taa ya onyo hujitokeza kwenye dashibodi.

Umefaulu ikiwa: umezunguka gari lote mara moja na popote unapotazama unaona bati, kioo au taa. Piga miguu chini kutoa theluji kwenye viatu, kisha ingia.

Mara ya kwanza itakuchukua dakika 20 au zaidi. Ukizoea, 10 zinatosha kwa theluji ya kawaida. Ziingize kwenye hesabu ya muda wako wa kulala.

## Wenye trela na malori

Ndugu zetu wengi wako kwenye trela sasa. Paa la trela liko futi 13 na nusu kutoka chini, zaidi ya mita 4. Usipande juu ya paa lenye barafu bila kinga ya kukuzuia kuanguka. Uliza kampuni yako, kabla msimu haujaanza, ni wapi kuna fremu ya kukwangulia theluji au jukwaa la kupandia, na wao wanataka ufanye nini theluji ikikukuta njiani. Faini za magari ya biashara ni kubwa zaidi, na jina lililo kwenye tiketi linaweza kuwa lako.

## Sheria zinasemaje

Majimbo hayafanani, na ukivuka mpaka sheria inabadilika nawe.

New Hampshire. Inaitwa Sheria ya Jessica, kwa jina la binti wa miaka 20 aliyefariki mwaka 1996 baada ya barafu kuporomoka kutoka kwenye trela. Kuendesha gari lenye theluji au barafu inayoweza kuhatarisha wengine huhesabiwa kuwa uendeshaji wa uzembe. Faini ya kosa la kwanza ni dola 250 hadi 500. Ukirudia, dola 500 hadi 1,000.

Massachusetts. Hakuna kifungu maalumu cha paa la gari, lakini usijidanganye. Askari anaweza kukuandikia kwa kosa la kuendesha ukiwa na kizuizi kinachotatiza uendeshaji wako, au la mzigo ambao haukufungwa sawasawa.

Pennsylvania. Sheria ya Christine, iliyotungwa mwaka 2022, inakumbuka mama aliyeuawa na barafu ya lori siku ya Krismasi mwaka 2005. Unatakiwa kufanya juhudi za kuridhisha kuondoa theluji na barafu ndani ya saa 24 tangu ilipokoma kuanguka. Usipofanya, dola 50. Ikianguka na kuua au kujeruhi vibaya, dola 200 hadi 1,500.

New Jersey. Dola 25 hadi 75 kwa kutosafisha, hata kama hakuna kilichoanguka. Ikileta jeraha au uharibifu wa mali, dola 200 hadi 1,000 kwa gari la kawaida, na 500 hadi 1,500 kwa la biashara.

Connecticut. Dola 75 kwa kutosafisha, na zaidi sana ikileta madhara. Huhesabiwi kosa kama theluji ilianza kuanguka ukiwa tayari safarini na haijakoma.

Kwa walioko Quebec, Kanada, gari lenye theluji inayoweza kudondoka haliruhusiwi barabarani, na matairi ya msimu wa baridi ni lazima kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Uingereza nayo kanuni ya 229 ya mwongozo wa barabarani inataka vioo vyote viwe wazi, taa na namba zionekane, na theluji inayoweza kuwaangukia wengine iondolewe.

Hizo ni faini tu. Barafu yako ikimdhuru mtu, kuna kesi ya madai, kuna bima, na kwa asiye raia kuna hofu ya kusimama mahakamani huku karatasi zake zikiwa bado zinashughulikiwa.

## Ukisimamishwa

Simama pembeni, mikono kwenye usukani, taa ya ndani ikiwaka kama ni giza. Usishuke kwenda kupangusa paa kabla askari hajakufikia. Sikiliza, toa leseni na karatasi, uliza kwa adabu kama unaweza kusafisha kabla ya kuendelea. Tiketi ukiona si ya haki, ipinge kwa njia na tarehe zilizoandikwa juu yake.

## Barafu ya mwingine ikikuangukia

Ukiona gari mbele lina kofia ya theluji, rudi nyuma au badilisha njia mapema. Ukiliona bamba linanyanyuka, shika usukani sawasawa na upunguze mwendo taratibu. Usikwepe kwa ghafla kuingia njia ya pembeni. Aliye pale hakutarajii.

Kioo kikivunjika, washa taa za dharura, toka barabarani kwa usalama, piga 911. Taja rangi ya gari, namba kama uliiona, na mwelekeo wake. Kama una kamera ya dashibodi, hifadhi ile video kabla haijafutwa na nyingine. Na ikiwa ni salama kushuka, piga picha ya barafu yenyewe, kwenye kiti au kwenye boneti, hapo hapo. Baada ya saa moja itakuwa maji tu.